Breki za Safari ya Soni

Jirani yangu wa sasa hutengeneza gari lake mwenyewe, na huchagua Jumamosi asubuhi, saa ambayo mtu mwenye akili timamu bado amejifunika shuka. Naanza kusikia nyundo. Si kugonga kwa kawaida. Ni nyundo juu ya chuma kilichogandiana na chuma kingine kwa kutu. Ko, ko, kimya, tusi la chini kwa chini, ko. Kabla sijafumbua macho najua anatoa diski ya breki, najua diski imekataa, na hasira inanipanda kana kwamba gari ni langu. Mume wangu hunicheka. Yeye kwao hawakuwahi kubadilisha breki barazani.

Sisi tulikaa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Bibi, mama yake Baba: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele. Baba alikuwa karani katika ghala la mkonge. Nalisema hili mapema ndugu msomaji, tusije tukaelewana vibaya: hakuwa fundi. Alikuwa karani mwenye mwandiko mzuri na spana za kurithi, na alikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba gari ukiliacha gereji linakurudia na rangi yako tu, vya ndani vyote vimekuwa vya mtu mwingine. Kwa hiyo kila kilichoharibika alikitengeneza yeye, na kila alichokitengeneza kiliharibika tena, na hilo nalo akawasingizia mafundi.

Mama alikuwa mtu wa Soni, kule milimani Usambaa, binti mkubwa wa mkulima Mlutheri mwenye msimamo. Aliposilimu akaolewa na karani wa pwani, Babu alikataza jina lake lisitajwe mezani. Ikakaa hivyo miaka. Hata mama yake Mama alipofariki na sisi tukaenda kuzika, Babu alitupa sote mkono kama anavyowapa wageni, kisha akaenda kukaa na wazee wenzake. Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani ndivyo babu wa milimani walivyo, wapole na wakimya.

Ni katika kurudi kutoka mazishini ndipo breki zilipoanza vituko. Barabara ya kutoka Soni kushuka Mombo ni kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande huu na korongo upande ule. Baba akikanyaga breki, usukani unamtetemeka mikononi, na sakafu nzima ya gari inatetemeka nao. Mama alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili akaomba Mungu kwa dini zote mbili, ile aliyozaliwa nayo na ile aliyoolewa nayo. Tulipofika chini Mombo alishuka, akanawa uso kwenye bomba la mama ntilie, akamwambia Baba taratibu kabisa kwamba yeye mlima ule hataupanda tena na gari lile mpaka breki zitengenezwe. Baba akasema ni diski za mbele tu, zimepinda, kazi ndogo.

Kazi ndogo. Hayo maneno mawili yamenizeesha.

Miezi ikapita, gari likitumika mjini kwa mwendo wa harusi. Kisha ikaja simu kutoka Soni. Mdogo wake Mama, mama mdogo Neema, anaolewa. Sherehe ya kumuaga binti ni Ijumaa alasiri, ndoa kanisani Jumamosi. Na Babu mwenyewe amesema kwamba, kwa kuwa mama yao hayupo, atakayesimama mahali pa mama na kumkabidhi binti mbele ya ukoo ni yule mkubwa. Alitaja jina. Mama aliipokea simu amesimama ukumbini, na alipoikata akakaa chini sakafuni palepale, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani kuna aliyekufa. Bibi ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia niache, hicho ni kilio cha kheri.

Basi hapo unaelewa kulikuwa na nini kwenye hizo breki. Mtu wa kawaida angelipeleka gari gereji siku ileile. Baba alinunua diski mpya mbili na pedi zake, akavifungua kutoka kwenye magazeti mezani kama mtu aliyeleta nyama ya sikukuu, akaomba ruhusa kazini Alhamisi. Mama alimwambia mara moja tu: bora fundi. Baba akajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaingia chini ya gari.

Nani anaweza kufanya kazi Ngamiani mbele ya nyumba yake? Kila apitaye sharti asalimie, na kila asalimiwaye sharti ajibu mpaka mwisho: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, mama hajambo, za tangu juzi. Baba analijibu lote hilo akiwa chali, miguu nje, mdomoni bolti ya kalipa, lile koleo linalozibana pedi kwenye diski. Akimaliza na mmoja, mwingine ameshuka baiskeli. Huwezi kumnyamazia mtu kwa sababu umeshika spana, utaambiwa gari limekupa kiburi. Na hakuna aliyesalimia akaenda zake. Wote walisimama, wote walikuwa na maoni, na wote maoni yao yalikuwa tofauti.

Mbaya wao alikuwa Mzee Kombo, jirani wa mlango wa pili, mstaafu wa bandari. Yeye alileta kabisa kigoda chake. Diski ya kwanza ilipogoma kutoka, imeng'ang'ania kwa kutu ya chumvi ya miaka, Mzee Kombo alisema igongwe kulia, kisha akasema igongwe kushoto, kisha akasema haraka haraka haina baraka. Baba alipoomba watu wapungue, Mzee Kombo akamkumbusha kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kubadilisha breki.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na sinia la mchele niliokuwa nikichambua, na kila ko ya nyundo iliniingia kwenye meno. Nilihesabu saa kwa adhana: adhuhuri diski ya kwanza bado, alasiri imetoka na kipande cha kidole cha Baba. Hapo ndipo nilipopata somo langu la pekee la ufundi. Mzee Kombo, akila andazi, alinyoosha mkono akaipapasa ile diski mpya, akisifia ilivyong'ara. Baba, ambaye sijawahi kumwona akimpandishia mkubwa sauti, alimpandishia. Akachukua kitambaa chenye petroli akaifuta upya, uso huu na uso ule, na akatuhutubia sote pale barazani. Mafuta na breki, alisema, ni wake wenza. Diski mpya inakuja imepakwa mafuta kiwandani isiote kutu, na wewe kazi yako ya kwanza ni kuyaondoa mpaka tone la mwisho, kwa sababu breki ni kushikana, na penye mafuta hapana kushikana. Mzee Kombo alijibu kwamba yeye mkono wake ni safi. Lakini mimi nililishika neno lile.

Bibi hakulisikia. Alikuwa uani, na masikio yake siku hizo yalikuwa yanachagua.

Magharibi diski zote mbili zilikuwa zimekaa mahali pake, kalipa zimefungwa, pedi ndani. Umeme ukakatika, kama kawaida yake mtu akiuhitaji. Baba akasema hafungi matairi kizani. Kesho baada ya sala ya alfajiri ataikagua kila bolti kwa macho, ndipo afunge, ajaribu gari kidogo, waondoke asubuhi mapema. Akaliacha gari juu ya mawe, mbele halina miguu, matairi mawili akayalaza ukumbini. Mama alikuwa ameshapanga mizigo mlangoni: sufuria za bibi harusi, mashuka, vitenge, gauni lake la kusimamia limekunjwa juu kabisa. Alilala na hina mikononi.

Sasa niwaambie habari ya Bibi, bila hiyo hamtaelewa. Bibi alizaliwa Kigombe, kijiji cha wavuvi, nyumba ya kwao hatua chache kutoka majini. Kule chuma hakidumu. Hewa yenyewe ina chumvi, na chumvi hula bawaba, hula kufuli, hula misumari mpaka mlango unakubakia mkononi. Kwa hiyo watu wa kule wana ada yao: chuma chochote kinachoingia nyumbani, kabla hakijalala usiku wa kwanza, kinapakwa mafuta ya nazi. Kisu kipya, panga, jembe, meno ya mbuzi ya kukunia nazi, hata mkasi. Bibi alihamia mjini na ada yake. Mkebe wa vifaa vyangu vya hesabu aliupaka mpaka daftari langu likawa na madoa kurasa zote, nikachapwa shuleni kwa uchafu. Alikuwa akisema bahari haina haraka, inakula polepole. Na tangu macho yalipoanza kumpungukia, mambo mengi ya nyumba aliyaacha kwa Mama, kupika, kufua, kwenda sokoni. Kupaka mafuta ndiyo kazi iliyombakia.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakunywa chai naye uani. Baba alikuwa ameshatoka msikitini, ameshakagua bolti zake zote kwa umakini wa karani anayetafuta kosa, ameshafunga matairi, na tulikuwa tumesikia injini ikiwaka na gari likiondoka kwenda kujaribiwa. Bibi alikuwa na furaha. Akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri nzuri.

"Baba yako akili zake ziko safarini," alisema. "Ameyaacha masinia yale ya gari yakiwa uchi, umande wote ule. Nimeamka kabla ya adhana nikayapaka mafuta, nikayasugua mpaka yamekunywa. Yatadumu hayo."

Masinia ya gari. Nilichukua muda mfupi kuelewa masinia gani, kisha nikaiacha chai na kukimbia.

Nilifika barazani kwa wakati wa kuona tu. Baba alikuwa anarudi kutoka mwisho wa mtaa, mwendo wa wastani, akimpungia mkono Mzee Kombo. Penye kona alikanyaga breki. Gari lilisitasita kidogo, kisha likaendelea na safari yake. Niliuona uso wa Baba kupitia kioo, mdomo wazi, mwili wote umeegemea kwenye kanyagio. Akavuta breki ya mkono, akakata usukani, akaingia katika lundo la mchanga ambalo jirani mmoja alikuwa amemwaga kwa ajili ya ujenzi na ambalo watu wote walikuwa wamelilalamikia. Lile lundo Mungu alilibariki. Hakuna aliyeumia. Bampa lilipasuka, na kutoka kwenye matairi ya mbele ukapanda moshi mwembamba.

Na harufu. Nani Tanga asiyeijua harufu ile? Ilikuwa harufu ya jikoni asubuhi, mafuta ya nazi yamepata moto kupita kiasi.

Nilifika kwa Baba wa kwanza. Alikuwa amechuchumaa kwenye tairi, ananusa. Alipitisha kidole kwenye diski katikati ya matundu ya rimu, akakiangalia, akakinusa tena, na mabega yakamshuka. Nikafungua mdomo kumwambia. Hakuninyamazisha kwa ukali. Aliniwekea tu mkono wake mchafu kichwani, akasema, "Saumu, hujaona kitu," akalivua shati lake la safari na kuanza kufuta kwa haraka, kabla watu hawajafika.

Wakafika. Penye wengi. Mzee Kombo akasema yeye alishasema. Baba akawaambia wote, kwa sauti, kwamba ameuziwa diski feki, chuma kibovu, na pedi nazo feki, zimeungua papo hapo. Muuza vifaa masikini, jina lake liliharibika mtaa mzima siku ile bila kujua kwa nini. Pedi zilikuwa zimeshakunywa mafuta; hata mimi nilijua kwamba pedi za namna ile hupandi nazo mlima wa Soni, wala hushuki. Za kununua upya zingepatikana, lakini kutafuta na kufunga, na Ijumaa maduka yanafungwa kwa sala, ingekuwa jioni.

Ndipo Mama akatoka. Alikuwa ameshavaa. Aliliangalia gari, akamwangalia Baba aliyebaki na fulana, akavuta pumzi. Mama hakuwa mtu wa kelele. Miaka yote ile pwani alikuwa bado anaongea kwa sauti ya chini ya watu wa milimani. Siku ile alisimama katikati ya barabara akapaza sauti mpaka nyumba ya nne wakafungua madirisha.

"Baba Saumu, hili ni lako. Nilikwambia fundi ukakataa. Umenunua vibovu kwa mikono yako, umefunga vibovu kwa mikono yako. Asitafutwe mwingine."

Baba akainamisha kichwa. Nilitaka kupasuka. Hakuwa na kosa! Ukaidi alikuwa nao, kiburi alikuwa nacho, lakini kosa lile halikuwa lake, na aliyekuwa nalo alikuwa amesimama kizingitini na fimbo yake, akitikisa kichwa kwa huruma, akimwambia mwanawe kwamba vitu vya siku hizi havina uimara. Tena akaendelea. Akasema, "Na mimi alfajiri nilivyohangaika kuya..."

Mama akamkata. Sijawahi kumsikia akimkatiza Bibi, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Akasema, "Mama, naomba uje unifungie mzigo huu, mimi sina nguvu za mikono leo," akamshika mkono na kumpeleka ndani. Nikaona ni adabu mbovu ya mtu mwenye hasira, nikaona pia bahati mbaya: neno moja tu lilikuwa limebaki.

Mabasi ya moja kwa moja yalikuwa yameshaondoka. Mama alikwenda peke yake na vifurushi vyote, akabadilisha gari Mombo, akakaa chini ya jua akisubiri la kupanda mlima lijae. Alifika Soni jua limezama. Shangazi yake alikuwa ameshasimama mahali pa mama, binti ameshakabidhiwa, watu wanakula. Babu, nilielezwa baadaye, alikuwa amesubiri, akaahirisha, akasubiri tena, kisha akasema mbele ya ukoo kwamba sasa ameuona mwisho wa binti yake mkubwa. Katika picha za siku ile Mama hayumo. Yumo katika za Jumamosi, nyuma, gauni la kusimamia limejikunja kwa safari. Ilichukua miaka mingine kabla Babu hajamwita tena kwa jina, na alipomwita alikuwa kitandani.

Mimi nilikua na hasira ile. Nilimpenda Bibi, nilimwogesha alipokuwa hawezi, nilimlilia alipofariki, na bado kila nikiona kichupa cha mafuta ya nazi nilikuwa nakipa kisogo. Nilimkasirikia Baba kwa kuficha, nikamkasirikia Mama kwa kumtukana asiye na kosa, nikajikuta mimi peke yangu, mtoto, ndiye niliyebeba ukweli wa nyumba nzima.

Mwaka jana nilikwenda Tanga, nikakaa na Mama uani tukimenya mihogo, na mazungumzo yakafika kwenye picha za harusi ya mama mdogo Neema. Nikashindwa kujizuia. Nikamwaga yote: alfajiri, masinia, mafuta, shati la Baba. Nilitegemea kisu kimdondoke. Hakikumdondoka. Alimenya muhogo wake mpaka mwisho, akautia majini.

"Saumu, mimi napika kwa nazi kila siku ya Mungu," alisema. "Nilitoka mlangoni gari linanukia maandazi, halafu unadhani sikujua?"

Nikamuuliza kwa nini basi alimkaripia Baba vile, mbele ya mtaa mzima. Akaniangalia kama ananionea huruma kwa kuchelewa kwangu kuelewa. Alisema alipiga kelele ili Bibi asikie, kwa kuwa Bibi siku hizo hakuwa akisikia vizuri. Alitaka asikie kosa ni la nani kabla hajaanza kujiuliza mwenyewe. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Alipoletwa nyumba ile, msichana wa milimani aliyekataliwa kwao, asiyejua hata kukuna nazi, wanawake wa mtaa walikuwa wakija kumtazama na kucheka. Bibi alimpa chumba chake mwenyewe, kile cha mbele chenye upepo, akahamia cha uani. Akawaambia wanawake kwamba huyu si mkwe, huyu ni binti yake, na atakayecheka asipite tena barazani pake.

"Kwetu walinifungia mlango, yeye akanifungulia," alisema Mama. "Angejua kwamba mkono wake ndio ulionifungia tena mlango ule wa kwetu, asingegusa tena kitu katika nyumba ile mpaka kufa. Mimi nilichelewa sherehe. Yeye angekufa na majuto hayo."

Niliwaza watu wale wawili barabarani, mmoja anapiga kelele na mwingine ameinamisha kichwa, na mimi katikati nimekunja ngumi nikitetea haki, na kumbe pale pote hapakuwa na ugomvi hata chembe. Nilikuwa nimeitunza hasira ya watu ambao wenyewe hawakuwa nayo.

Kutoka barazani tulimsikia Baba. Siku hizi amestaafu, anakaa na wenzake, na alikuwa anamsimulia mgeni fulani jinsi alivyowahi kuuziwa diski feki zilizomkosesha mkewe harusi. Mama akainuka nusu, akapaza sauti kuelekea mlangoni kwamba kosa lilikuwa lake, alikataa kwenda kwa fundi. Mama akakaa, akachukua muhogo mwingine.

"Usije ukamwambia kwamba najua," alisema. "Anaona alimficha mama yake vizuri."